Kitabu cha Nyongeza na Mashimo ya Kiothi: Kanuni za Mchezo wa Vita kama Matini

Utangulizi

Aghalabu mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hupita kando ya kitabu cha kanuni za mchezo kama apitavyo kando ya ratiba ya magari ya abiria: ni maandishi ya kutumiwa, si ya kusomwa. Hata hivyo wapo wasomaji, na si haba, wanaonunua vitabu vya namna hiyo na kuvisoma usiku kwa raha, wakijua fika kwamba huenda wasiucheze mchezo wenyewe. Jambo hili huonekana zaidi katika michezo ya vita ya mezani, ambamo majeshi ya sanamu ndogo za madini au plastiki husogezwa kwa kipimo cha utepe na hatima yao kuamuliwa kwa dadu. Mchezo wa aina hii huwa na kitabu kimoja cha msingi. Baadaye hufuata vitabu vya nyongeza: kimoja huleta jeshi jipya, kingine uwanja mpya, kingine hurekebisha yaliyosemwa awali. Mchezo hukamilika kwa kitabu cha kwanza. Hata hivyo ni nyongeza ndizo zinazosubiriwa kwa hamu.

Makala haya yanakusudia kujibu maswali mawili. Kwanza, raha ya kusoma kanuni, na hasa kanuni za nyongeza, inatoka wapi? Pili, jibu la swali hilo lina maana gani kwa mtafiti wa fasihi simulizi katika Meru na Embu, ambako mchezo wa mashimo, uitwao kiothi na Wameru, umeishi kwa vizazi bila kitabu chochote? Swali la pili ndilo lenye uzito. Mwanafunzi aendaye nyanjani na daftari hurudi na kanuni moja ya kiothi, naye huiita kanuni ya Wameru. Yaliyobaki kwa wazee, yaani kanuni nyingine zote, hayaingii katika hifadhi, na mzee akifariki huzikwa nayo.

Nyongeza katika historia ya mchezo wa vita

Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich Rudolf Johann von Reisswitz, alichapisha mwongozo wa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vya vikosi, dadu na mwamuzi. Lengo lilikuwa kufunza maofisa. Kanuni zake zilikuwa nyingi, na warithi wake wakaziongeza, kwa kuwa kila tukio la vita lililosahauliwa lilidai kifungu chake. Matokeo yalikuwa mzigo. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, naye ofisa wa Prussia, alipendekeza vifungu na majedwali yawekwe kando na hukumu iachiwe mwamuzi mwenye uzoefu. Tukio hili halina budi kukumbukwa, kwa sababu tutalirudia: miaka 52 ya kuongeza kanuni iliishia kwa kumrudishia mzee mamlaka yake.

Mwingereza H. G. Wells alifuata njia nyingine. Kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913 kinahusu askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi inayorusha vipande vya mti. Kinachokifanya kitabu hicho kisomeke hadi leo si kanuni zake, ambazo ni chache, bali simulizi ya jinsi zilivyozaliwa. Msomaji anaonyeshwa marafiki wakicheza sakafuni, wakigombana, wakipatana, na kila mapatano yakiwa kifungu. Kisha Wells anaumaliza mjadala wake kwa kuonya kwamba vita vikubwa ni vya kijinga kuliko vidogo. Mwaka mmoja baadaye, 1914, Vita Kuu ya Kwanza vilianza.

Nyongeza inaweza pia kukimeza kitabu kilichoizaa. Kitabu cha Chainmail cha mwaka 1971, cha Gary Gygax na Jeff Perren, kilikuwa cha vita vya zama za kati, na mwishoni mwake kikabandikwa sehemu ya ziada yenye wachawi na mazimwi. Sehemu hiyo ikawa moja ya mizizi ya Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo uliojulikana kuliko Chainmail yenyewe. Nchini Uingereza, mchezo wa Warhammer ulitokea mwaka 1983, na ule wa sayari za mbali, Warhammer 40,000, mwaka 1987. Majuzuu mawili ya nyongeza yaliyoitwa Realm of Chaos, la 1988 na la 1990, yalikuwa na picha, hadithi fupi na majedwali kwa wingi kiasi kwamba kanuni zilionekana kuwa kisingizio cha kuandika kisasili.

Fani: baina ya -ki- na -ka-

Lugha ya Kiswahili inamsaidia mhakiki kuona jambo ambalo huenda lisionekane upesi katika lugha nyingine. Tuchukue kanuni ya kubuni ya mchezo wa vita: Kikosi kikipoteza nusu ya askari wake, kitarudi nyuma. Hiyo ni sheria. Haina wakati wala mahali, na kikosi kinachotajwa hakipo. Sasa viambishi vya vitenzi vibadilishwe: Kikosi kikapoteza nusu ya askari wake, kikarudi nyuma. Hiyo ni hadithi. Tumeingia katika bonde fulani, siku fulani, na kikosi kimeshindwa.

Msomaji wa kitabu cha kanuni hufanya badiliko hilo kimoyomoyo katika kila ukurasa. Anapewa -ki- na yeye anatia -ka-. Hapa ndipo raha ilipo. Mwandishi wa riwaya humpa msomaji tukio lililokwisha kutendeka. Mwandishi wa kanuni humpa sharti na kumwachia tukio. Wolfgang Iser alipozungumzia mapengo ambayo msomaji huyajaza, alikuwa na riwaya akilini. Katika kitabu cha kanuni karibu matini yote ni pengo, na fremu yake ni nyembamba kupita kiasi.

Kwa mintarafu hiyo, nyongeza ina mvuto wa pekee. Kitabu cha msingi husomwa kwa juhudi, kwani msomaji angali anajifunza sarufi. Kitabu cha nyongeza husomwa na mtu anayeijua sarufi tayari, naye huona mara moja ni kitu gani kimepinduliwa. Kanuni ya kwanza ilisema wapanda farasi hawapiti msituni. Ya pili inasema wapanda farasi wa watu fulani hupita. Katika kifungu kimoja kifupi ameambiwa habari za nchi nzima: farasi wadogo, njia za siri, watu walioishi na miti. Hapana maelezo yaliyotolewa, bali kanuni imevunjwa kwa ajili yao. Ndivyo ushairi wa arudhi unavyofanya kazi: msikilizaji aliyezoea mizani hushtuka mizani inapopunguzwa kwa makusudi, ilhali asiyeizoea hasikii kitu.

Bao kama daraja

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kwenda Prussia wala Nottingham kuliona jambo hili. Bao lina sura mbili zinazojulikana. Katika bao la kujifunza, kete zote 64 huwa zimepangwa tangu mwanzo, mbili mbili katika mashimo 32. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 zikiwa katika nyumba na 2 katika kila shimo kati ya mawili ya jirani, na 22 huzishika mkononi. Kete hizo huingizwa moja moja katika awamu ya namua, na zikiisha ndipo mtaji uanze.

Uhusiano wa mabao haya mawili ni uhusiano wa msingi na nyongeza. Mtoto hujifunza la kwanza; la pili hulipindua kwa kuongeza mkono, awamu, na juu ya yote nyumba pamoja na haki zake. Anayekula kete na kumalizia katika nyumba yake ana hiari: alale hapo, au aisafirishe nyumba yake na kuhatarisha mali yote. Maneno yenyewe, nyumba, kulala, safari, yanaonyesha kwamba nyongeza haikuleta hesabu tu, bali ilileta maisha ya mwenye mali na msafiri. Alex de Voogt, katika utafiti wake wa mwaka 1995 juu ya umahiri wa wachezaji wa bao, alionyesha jinsi mafundi wanavyobeba mchezo huu tata vichwani mwao. Maarifa hayo hayakusubiri kitabu.

Kiothi: nyongeza isiyoandikwa

Kutoka pwani hadi miteremko ya Mlima Kenya, mashimo hupungua kutoka safu nne hadi mbili. Mchezo wa Wameru, kiothi, una jamaa yake kwa Wagikuyu, giuthi, na mizizi ya majina hayo ni mmoja. Huchimbwa ardhini au huchongwa katika ubao. Mbegu au vijiwe hupandwa shimo kwa shimo, na kuteka mali ya mwenzako ndiyo shabaha. Idadi ya mashimo katika safu haikufungwa mahali pamoja, wala idadi ya mbegu zinazowekwa mwanzoni. Jambo hili ndilo linalowatatiza wakusanyaji. Wengi wao huliona kama kasoro ya kumbukumbu, na kuchagua toleo moja liitwalo sahihi.

Hoja ya makala haya ni kwamba kutofungwa huko si kasoro. Ni nyongeza ya mchezo, iliyowekwa pahali pake pa asili, yaani katika mazungumzo yanayotangulia mchezo. Kabla ya mbegu ya kwanza kupandwa, wachezaji hawana budi kupatana: mashimo mangapi, mbegu ngapi, lipi linaruhusiwa na lipi ni mwiko. Mapatano hayo ni utendaji. Yana ushawishi, mzaha, rejea kwa babu fulani aliyecheza hivi au vile, na mara nyingine yana hila ya anayependekeza kanuni inayomfaa. Katika mapatano hayo kanuni husemwa kwa -ki-, na hutetewa kwa -ka-: fulani akipanda hivi, mali yaliwa, kwani siku ile fulani akapanda hivi, yakaliwa. Sheria na hadithi zimo katika kinywa kimoja.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliweka makundi sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi simulizi, semi na ngomezi. Kiothi kama hesabu ya mbegu hakina nafasi katika mpango huo, na ni haki. Lakini mabishano ya kiothi yana nafasi katika mazungumzo, kama zilivyo nafasi za soga na malumbano ya watani. Ikumbukwe pia kwamba fasihi simulizi yenyewe inajua vita vidogo. Katika kitendawili cha Kiswahili anayeshindwa hudaiwa mji, naye huutoa, na mshindi hutamba kwa mji aliopewa kabla ya kutoa jibu. Hakuna askari aliyesogezwa, lakini mji umetekwa kwa kanuni ambayo pande zote mbili ziliikubali.

Ciarunji Chesaina, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, alifanya kazi kubwa ya kuzipa jamii hizo mbili kitabu chao wenyewe, badala ya kuzichukua kama tanbihi ya Wagikuyu. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayopaswa kuendelezwa katika michezo. Hapa funzo la Verdy du Vernois linarudi. Jeshi la Prussia lilizunguka kutoka kwa kanuni chache hadi nyingi, kisha kutoka kwa nyingi hadi kwa mwamuzi mwenye busara. Kwa mchezo wa chini ya mti huko Igembe au Mbeere, mwamuzi huyo hakuwa ameondoka. Itakuwa ajabu mtafiti akija leo na kumwondoa kwa jina la kuhifadhi.

Orodha za majeshi na walioorodheshwa

Sifa hizi hazitoshi bila upande wa pili. Sehemu inayopendwa kuliko zote katika vitabu vya nyongeza ni orodha za majeshi: watu fulani, silaha zao, idadi yao, ushujaa wao kwa tarakimu. Mathalan, Chris Peers aliandika mwaka 2005 kitabu cha shirika la Osprey kuhusu watu wa vita wa Afrika Mashariki kati ya 1840 na 1900, na vitabu vya mfululizo huo hutumiwa sana na wapaka rangi wa sanamu ndogo. Hakuna ubaya kwa kijana wa Birmingham kutaka kujua ngao ya Mmaasai ilikuwa na rangi gani. Swali la kihakiki ni hili: orodha inaposema kwamba watu hawa ni wakali kwa alama nne na wale kwa alama tatu, ni nani aliyepatana na nani?

Vita vya kale vya Meru vilikuwa na kanuni. Jeffrey Fadiman, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kilichojengwa juu ya masimulizi ya wazee, alionyesha vita ambavyo lengo lake kuu lilikuwa mifugo na sifa, si kumwangamiza jirani. Vijana waliishi katika gaaru, wakafundwa, wakangoja zamu ya rika lao. Bernardo Bernardi aliandika juu ya Mugwe, ambaye baraka yake ilihitajika kabla ya vijana kutoka. Ni kanuni zilizojulikana kwa pande zote mbili za mto. Mwaka 1906, jeshi la Waingereza lilipowashinda Waembu, upande mmoja haukuwa umeulizwa kama unakubali mchezo.

Hata kichwa cha kitabu chaweza kuwa alama katika orodha. Toleo la Bernardi la mwaka 1959 lilimwita Mugwe nabii anayeshindwa. Toleo la Nairobi la mwaka 1989 likamwita nabii anayebariki. Mtu ni yule yule, na maelezo kwa jumla ni yale yale. Kilichobadilika ni tarakimu aliyopewa.

Orodha iliyo nzito kuliko zote katika historia ya eneo hili haikuandikwa kwa ajili ya mchezo. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, serikali ya kikoloni iliwafunga Wagikuyu, Waembu na Wameru katika herufi tatu, K.E.M., na kanuni za kutembea, kuishi na kufanya kazi ziliandikwa kwa ajili ya herufi hizo. Katika uchaguzi wa Machi 1957, mtu wa makabila hayo alihitaji cheti cha utiifu ndipo apige kura, sharti ambalo halikuwekwa kwa Waafrika wengine. Kiti cha Mkoa wa Kati kilichukuliwa na Bernard Mate, Mmeru. Kila anayesoma historia hiyo hupambana na swali la wapiga kura waliokosa cheti. Ilikuwa nyongeza ya kanuni, kwa maana kamili ya neno, na iliandikwa na mchezaji mmoja.

Ndiyo maana riwaya ingali na kazi ambayo kitabu cha kanuni hakiwezi kuifanya. P. M. Kareithi alipoandika Kaburi Bila Msalaba mwaka 1969, kichwa chenyewe kilitaja kitu ambacho hakimo katika mchezo wowote wa mezani. Askari wa sanamu akianguka huwekwa kando, na kesho hurudi uwanjani. Hana mama wala kaburi. Mtu akidai kwamba kitabu cha kanuni ni fasihi sawa na riwaya, hapa ndipo dai lake linapokoma.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba raha ya kitabu cha nyongeza si upuuzi wala si ugonjwa wa kukusanya vitu. Inatokana na fani: sharti linalomwalika msomaji kulitendea hadithi, na kanuni ya zamani inayopinduliwa mbele ya macho ya aliyeijua. Imeonyeshwa pia kwamba raha hiyo ilikuwepo katika bao na kiothi, isipokuwa kwamba huko nyongeza ilisemwa na kubishaniwa badala ya kununuliwa. Tofauti ya msingi haipo baina ya maandishi na masimulizi. Ipo baina ya kanuni ambayo wachezaji wamepatana na ile ambayo mmoja amemwandikia mwenzake.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili zinazowatuma wanafunzi Meru na Embu zina jambo moja dogo la kubadilisha. Mwanafunzi asiulize kiothi huchezwaje. Awaombe wazee wawili, wa vijiji viwili tofauti, waketi wacheze, na aanze kuandika kabla ya mbegu kuguswa: nani alipendekeza mashimo mangapi, nani alikataa, nani alimtaja babu yake, nani alicheka, na mwishowe walipatana nini kwa siku hiyo. Ukurasa huo wa mabishano utakuwa na kanuni zaidi ya moja, na pengine zitapingana. Mchapishaji atataka moja tu ibakizwe. Asikubaliwe.